Mboga za Shosho Kwenye Kilima cha Ireland

Juzi nilikuwa nakata njia pembezoni mwa msitu wa Epping, si mbali na kwetu Walthamstow, nikakutana na harufu ya nazi. Nazi kabisa, iliyokunwa sasa hivi. Hapakuwa na mnazi wala jiko la mtu. Ilikuwa inatoka kwenye kichaka cha miiba chenye maua ya njano, kinaitwa gorse, na watu wanaokipita kila siku na mbwa wao wala hawashtuki. Mimi nilishtuka. Nilisimama pale na mifuko yangu ya sokoni mpaka mama mmoja akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa. Uongo mtupu. Nilikuwa na miaka tisa tena, niko kwenye kilima magharibi mwa Ireland, na shosho wangu anatapika.

Ngoja nianze vizuri, nisiwachanganye.

Shosho ndiye aliyemzaa baba yangu. Kwa Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya huyo, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa wajina, na ndivyo alivyoniita, Wajina, hata siku alizonikasirikia. Alikaa Kinangop, kule juu kwenye baridi, ambako watu hulima viazi na kufuga kondoo, na ukungu huingia mpaka jikoni. Guka, yaani babu, mume wake, alipofariki, baba akaona hawezi kumwacha mama yake peke yake na huzuni ile, akamleta London akae nasi miezi sita. Mama yangu ni Mtaita, kwa hiyo nyumbani lugha ilikuwa Kiswahili. Mimi nilikielewa chote lakini nilijibu kwa Kiingereza, Shosho naye akanirudishia kwa Kiswahili chake cha mlimani, na maisha yakaendelea.

London ilimshinda. Si kwa baridi, maana baridi aliijua kuliko sisi sote. Chakula ndicho kilichomshinda. Mama akimletea sukuma wiki ya huku, ile ya majani yaliyojikunja, Shosho aliishika kwa vidole viwili akauliza iliogopa nini. Mchicha ulikuja umefungwa kwenye plastiki. "Nani aliuchuma?" aliuliza. Sasa nani atajua? Basi anakula vijiko viwili, anasema ameshiba. Nguo zikaanza kumpwaya. Daktari alipima hiki na kile asione ugonjwa. Baba akirudi kazini, hata viatu hajavua, swali lake la kwanza lilikuwa, "Amekula?" Nyumba nzima iliishi ndani ya swali hilo. Nami, pamoja na utoto wangu wote, nilijua kwamba mtu asiyekula anakwisha, na nilikuwa naogopa kila nikisikia sahani yake ikirudishwa jikoni.

Mama alikuwa nesi, na wodini kwake alikuwa na rafiki Mwairishi, Nuala, aliyekuwa amestaafu na kurudi kwao kukaa kwenye nyumba aliyoachiwa na wazazi wake chini ya kilima. Nuala akamwambia mama, mlete huyo mzee huku, apate hewa. Tulihangaika na viza kwanza, kwa sababu viza ya Uingereza haikufikishi Ireland, msidanganywe na ramani. Ilipotoka, ikawa ni likizo fupi ya shule mwisho wa Mei. Baba akabaki na kazi zake. Tukaenda watatu.

Kilima chenyewe si mlima wa kutisha. Ukikitazama kwa mbali utasema ni mgongo wa ng'ombe aliyelala. Chini kulikuwa na malisho yaliyokatwakatwa na kuta za mawe, mawe yaliyopangwa tu bila saruji, na kondoo wamepakwa rangi ya buluu kiunoni ili kila mtu ajue wake. Ukipanda kidogo unakutana na hiyo gorse, njano tupu, na upepo ukivuma kilima kizima kinanuka nazi. Juu zaidi nyasi zinaisha, ardhi inakuwa nyeusi na laini, inabonyea ukiikanyaga. Ni udongo wa majani yaliyooza miaka na miaka, wenyeji huukata vipande, wakaukausha na kuuchoma kama kuni. Hapo ndipo mvua na ukungu hukaa.

Nuala alitutembeza huko mimi na Shosho, yeye mbele na fimbo yake na buti za mpira. Alituonyesha nyasi zenye vishungi vyeupe mithili ya pamba, zinazokuambia usikanyage hapa, utazama. Akatuinamisha tuone kimea chekundu, kidogo kuliko shilingi, chenye vinywele vya gundi, na inzi amenasa anakufa polepole. Kimea kinachokula nyama! Nilitaka kukibeba London nikawatishe watu darasani. Kulikuwa na sungura wa porini, mrefu wa masikio, aliyesimama akatukagua kabla ya kuondoka. Kulikuwa na kindege ambacho hukioni, unasikia tu kinaimba juu kabisa, hakipumui. Na karibu na kuta za mawe yalianza kuchanua maua ya zambarau, vikombe vimening'inia kwenye bua lililonizidi kimo, nyuki akiingia anapotea mzima. Hayo Nuala aliyaita foxglove, akanionya kwa kidole nisiyatie mdomoni. Nikamtafsiria Shosho kwa Kiingereza changu na mikono. Akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Maua hayo hatukuyagusa, na mpaka kesho naweza kuapa hivyo.

Lakini ningependa mngemwona Shosho. Wee! Yule mama aliyekuwa akikaa dirishani Walthamstow kama mzigo uliosahauliwa stesheni alikunja sketi akapanda kilima kuliko mimi. "Mmenirudisha Kinangop," alisema. Alishika udongo wa bustani ya Nuala, akaunusa, akakubali. Alimwambia Nuala kwa Kiswahili kwamba viazi vyake vimepandwa karibukaribu mno, Nuala akamjibu kwa Kiingereza jambo jingine kabisa kuhusu viazi, na wote wawili wakaridhika. Jioni ya kwanza alikula viazi na siagi, sahani nzima, akaomba tena. Mama alitoka nje kumpigia baba simu. Ilibidi apande hadi lango la juu la malisho, maana ni hapo tu simu zilishika netwaki, tena upepo ukipenda. Nilimwona kule juu anacheka na kufuta macho.

Siku ya tatu mama na Nuala walikwenda mjini na gari kununua vitu. Mimi na Shosho tukabaki, yeye na kikapu. Tulikuwa tunafuata ukuta wa mawe, mahali penye kivuli na unyevu, aliposimama ghafla.

"Mabaki!" akasema. "Wajina, hata huku yapo!"

Asiyejua mabaki nimweleze. Ni mboga ya majani mapana, yenye vinyweleo laini, inayotoka chini kwa pamoja ikajipanga duara. Kwetu huko juu watu huipanda nyuma ya jiko. Ng'ombe anapewa, kuku anapewa, na mtu akipika mukimo anaponda majani yake pamoja na viazi. Shosho na guka walikuwa na mstari mzima wa mabaki. Hakuwa amechuma mboga kwa mkono wake tangu msiba. Mwone alivyopiga magoti, anachagua jani changa, anaacha lililotobolewa na wadudu, anaongea nayo kwa Kikuyu, anacheka peke yake. Nami nikachuma. Alinifundisha kukata bua kwa ukucha ili mizizi isiumie. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nasema hivyo nikijua kilichofuata.

Alichemsha, akaponda na viazi na njegere za Nuala. Mchana tukakaa mezani. Nilitia kijiko kimoja nikakitema kwenye kiganja, kichungu cha kukaza ulimi. Shosho akanicheka, watoto wa London hawa, wamezoea sukari. Akaonja yeye. Nilimwona akisita. Mabaki si machungu, hilo alilijua. Akatafuna, akafikiri, akasema ni udongo wa huku. Kisha akala sahani yote, kwa sababu ilikuwa mboga aliyoichuma mwenyewe.

Baada ya muda alisema tumbo linamsumbua. Akaenda nje akatapika, akarudi, akatoka tena. Nilimletea maji, nayo akayatapika. Alikaa chini kwenye mlango wa jikoni, jasho linamtoka, akaniuliza mbona nimemwashia taa ya njano. Hakukuwa na taa. Akatazama mikono yake, akatazama ukuta mweupe, akasema kila kitu ni njano. Nikashika mkono wake. Ulikuwa baridi, na chini ya ngozi damu iligonga mara moja, ikakaa, ikakaa, ndipo ikagonga tena.

Simu iliyokuwepo ni ya Shosho. Nikaichukua nikakimbia kuelekea lango la juu. Nilipofika katikati ya malisho nikageuka, nikaona mlango wa jikoni na miguu yake imenyooka nje, haitikisiki. Nikarudi mbio. Alikuwa anapumua. "Usiende," akaniambia. Nikakaa. Akafunga macho, nikaona hapana, lazima niende, nikakimbia tena hadi langoni, nikainyanyua simu juu, nikapanda juu ya ukuta wa mawe, nikainyanyua zaidi. Hakuna kitu. Siku hiyo upepo haukupenda. Nikapiga kelele, na walionijibu ni kondoo. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka juu, taratibu, hauna haraka na mtu. Nikaona ukifika chini sitaiona nyumba, nikashuka. Lakini nyumbani ningefanya nini? Basi nikasimama katikati, mahali ambapo niliona lango na mlango wote wawili, nikawa nalia. Sikuwa na faida kwa upande wowote. Kile kindege kilikuwa bado kinaimba. Nilikichukia kilima kile na kila kilichoota juu yake, nilikichukia kwa moyo wangu wote.

Mpaka niliposikia gari.

Mama alimkimbilia Shosho. Nuala alipita moja kwa moja hadi kwenye sinki, akaokota jani lililobaki, akaligeuza. Uso ukambadilika. Yalikuwa majani ya foxglove, yale ya mwaka wa kwanza, kabla mmea haujatoa bua wala ua. Mwaka huo wa kwanza unakaa chini tu, mpana, laini, umejipanga duara. Dawa ya moyo inatokana na mmea huo, na ndiyo inayousimamisha moyo ukiula. Nuala, aliyezaliwa kwenye kilima hicho, alikuwa ametuonyesha maua. Nani angewaza mtu atachuma majani akapike?

Walimlaza nyuma ya gari, kichwa kwenye mapaja ya mama, na Nuala akaendesha vile ambavyo sijaona mtu akiendesha. Hospitalini walihangaika naye siku kadhaa. Baba alifika akiwa amevaa nguo za kazi. Nuala alikaa koridoni akirudia kuomba msamaha, na mama, ambaye ni nesi, akirudia kusema hata yeye hakujua. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Nilipewa biskuti.

Shosho alipona. Moyo ulirudi mwendo wake, tukarudi naye Walthamstow, na hapo, jamani, akaanza kula. Akipewa sukuma wiki iliyojikunja anakula. Akipewa mchicha wa plastiki anakula, hadi sahani inang'aa. Haulizi nani aliuchuma. "Amekula?" baba anauliza mlangoni. Amekula! Baba alikuwa anashukuru Mungu kwa sauti, akanunua nyama. Alinenepa kidogo. Miezi ikaisha akarudi Kinangop, na sote tukasema London imemponya.

Baba alimpa shangazi yangu, aliyehamia kule kukaa na Shosho, amri moja: mama yao asichume mboga, asipike, apikiwe. Alisema kwa mapenzi. Shangazi naye akatii kwa mapenzi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja Shosho aliponipigia kwa video. Alikuwa amesimama nyuma ya jiko lake, kitambaa kichwani, peke yake. Nyuma yake niliona ule mstari alioupanda na guka kabla baba hajazaliwa. Akainama, akakata jani kwa ukucha, akalisogeza kwenye simu hadi kioo changu chote kikawa kijani.

"Wajina," akasema kwa sauti ya chini, "hebu niangalilie. Haya ni mabaki, ama ni yale ya kule?"

Kwa miaka mingi nilidhani ni uzee. Sasa nimekuwa mtu mzima ndipo naelewa, na kuelewa kwenyewe hakunisaidii kitu. Jani alilijua. Alikuwa amelijua maisha yake yote. Alitaka mtu mmoja amwambie kwamba bado analijua, akaona wote wanaompenda watamwambia aingie ndani, akabakiwa na mimi, niliyekuwa naye siku ile amepiga magoti anacheka. Nami nilikuwa mtoto wa mjini ambaye hata kitunguu sijawahi kupanda. Nilitazama kwa bidii, nikaona jani. Nikageuka nimtafute mama, alikuwa kazini.

"Sijui, Shosho," nikamwambia, tena kwa Kiingereza.

"Haya," akasema. "Basi tuyaache." Akaliangusha, akafuta mkono kwenye sketi, akaingia ndani kula alichopikiwa.