Kompyuta Iliyoamka Nachingwea Tu

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya ushirika wa wakulima, Ruangwa mjini. Siku moja tuliletewa kompyuta. Ilikuwa imeshatumiwa na ofisi nyingine mbili, rangi yake imekuwa kama meno ya mvuta tumbaku. Siku hiyo hiyo bosi wangu aliifungia taipureta stoo, akatangaza kwamba kuanzia sasa barua iliyopigwa kwa taipureta au kuandikwa kwa mkono si barua ya ofisi.

Alikuwa mtu wa haki, ila aliogopa wakaguzi na vumbi.

Asubuhi moja ya kiangazi niliwasha jenereta, nikabonyeza kitufe. Mashine ikakoroma, ikalia mara moja, ikasimama kwenye kioo cheusi chenye mstari mmoja wa Kiingereza. Nilimtafsiria bosi: diski si ya mfumo, ibadilishwe, kisha kibonyezwe kitufe chochote.

"Chochote kipi?" akauliza.

"Chochote tu, Mzee."

Akavua miwani. "Mashine ya ofisi haiwezi kuagiza chochote tu. Mkaguzi akiuliza nani alichagua, utamwambia nini?"

Alipogeukia dirisha, nilibonyeza kwa siri. Mstari ulirudi vile vile. Kwenye kozi yangu ya wiki mbili kule Lindi tulifundishwa kwamba diski iko tumboni mwa mashine, na tumbo hilo tulikatazwa kulifungua. Nikashauri tumwite fundi wa redio na kompyuta wa Nachingwea. Bosi alikubali mara moja.

"Mwandikie barua ya kumwita."

Barua ingepigwa kwa mashine gani? Niliomba ufunguo wa stoo. Alikataa kwa upole, kama mtu aliyeombwa kufukua kaburi. Siku nne zikapita hivyo.

Siku ya tano akapata njia. Fundi hawezi kuja bila barua, lakini hakuna kanuni inayoizuia kompyuta kwenda. Tukapanda basi, yeye amepakata kioo, mimi nimepakata boksi la mashine yenyewe. Bibi mmoja wa Likunja, aliyeketi pembeni yetu, akauliza inaumwa nini.

"Haiamki," nikamjibu.

Alinong'ona kidogo Kimwera, kisha akasema kwa Kiswahili, "Basi huko inakolala ndiko kubaya."

Nachingwea, fundi aliichomeka, ikaamka bila kinyongo. Aliizima na kuiwasha mara sita, na mara zote sita iliamka. Bosi alikunja uso kama mzazi aliyeaibishwa na mtoto ugenini. Tukarudi nayo. Kesho yake, Ruangwa, mstari ule ule. Wiki iliyofuata tukaipeleka tena, ikaamka tena. Sasa hata dereva wa basi alikuwa akiniulizia hali ya mgonjwa. Mimi niliyesoma nilianza kuyaamini maneno ya yule bibi, nikawa naingia ofisini kwa mguu wa kulia.

Aliyechoka ni fundi. Alikuja mwenyewe kwa pikipiki, bila kuitwa, vumbi jekundu limemfika kwenye kope. Hata begi la vifaa hakulifungua. Aliinama, akatazama tundu la disketi, ile diski bapa ya kuchomeka, mbele ya mashine, akabonyeza kitufe kidogo cha pembeni. Disketi ikachomoza. Juu yake, kwa mwandiko mzuri wa bosi na wino wa bluu, palikuwa pameandikwa: KUZUIA VUMBI.

"Mashine ikiamka hutazama hapa kwanza," fundi alisema. "Ikikuta disketi tupu, inakwama."

Bosi alieleza kwa sauti ya chini. Vumbi la kiangazi lilipoanza, jioni moja nilipokwisha kuondoka, aliliziba tundu lile kwa disketi. Tuliposafiri aliitoa disketi, kwa sababu imo kwenye daftari la mali na hairuhusiwi kutoka nje ya ofisi; tuliporudi aliirudisha.

"Kwa hiyo vumbi halikuingia," akamalizia.

"Hata chembe, Mzee," fundi akajibu, akitazama viatu vyake.

Nilidhani yamekwisha. Lakini fundi alikuwa amefika bila barua. Bosi akaniagiza niipige, kwenye kompyuta ile ile iliyopona, kumwomba fundi aje kuitazama kompyuta isiyowaka. Nikaipiga na kuitoa kwenye printa. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akasaini kwamba atakuja. Halafu akaomba maji ya kunawa uso.

Nilimsindikiza hadi kwenye pikipiki. Aliegemea usukani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi kicheko hakikuja. Kupitia dirishani nilimwona bosi amesimama katikati ya chumba, ameshika ile disketi, hajui aiweke wapi.

Kesho yake nilileta kutoka nyumbani kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, nikaifunika mashine yote. Bosi alikivuta kidogo upande wa kushoto ili kikae sawa, akanishukuru mara mbili.