Debe la Dawa ya Kahawa

Mpaka leo nikishika majivu nauona mkono wa bibi yangu. Kule Kirua Vunjo, miaka ile sabuni ilipopotea madukani, wanawake wengine walilia. Bibi, mama yake baba, aliyenilea, aliwacheka. Masufuria aliyasugua kwa majivu na majani ya msasa mpaka ukajiona uso. Mashuka aliyaloweka katika maji ya majivu yaliyochujwa. "Sabuni ni ya wavivu," alisema, nami nilimwamini kuliko padri.

Siku moja baba mdogo alimaliza kupulizia kahawa dawa ya wadudu, akaacha debe tupu kihambani, shambani kwetu nyumbani, chini ya migomba. Bibi akalitazama kwa tamaa, maana vyombo navyo vilikuwa adimu. Ubavuni palichorwa fuvu, na chini yake maandishi ya Kiswahili. Yeye hakujua kusoma. Mimi nilikuwa darasa la tano.

"Hebu nisomee, mjukuu wangu. Wanasemaje?"

Walisema usitie humo chakula wala maji, litoboe, lifukie. Nilisoma yote kimoyomoyo. Lakini nilikuwa nimechoka, jamani! Kila asubuhi nilishuka kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, mara nne na kibuyu kidogo. Debe lingenipunguzia safari. Tena nikajiambia hao wanatutisha tu ili tununue vyombo vipya. Majivu ya bibi yashindwe na nini?

"Wanasema lioshwe vizuri," nikajibu.

"Si nilijua? Fuvu la kutishia watoto hilo!"

Tukalisugua siku mbili kwa majivu, mchanga na limau. Likang'aa. Kabla sijalipeleka mfongoni hata mara moja, bibi akalijaza mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kuwa Jumapili mtoto wa baba mdogo alikuwa anabatizwa.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni ajue haikutiwa kitu. Wageni walipokaa, bibi akachota kata, akapiga funda moja. Mzee jirani akakunja pua.

"Mama, mbona kama inanuka dawa?"

Lo! Kumwambia mtu hivyo mbele ya pombe yake ni kumwita mchawi. Bibi akaiinua kata. "Mimi? Mimi niwawekee sumu?" Akainywa kata nzima, akaigeuza juu chini waone haina tone.

Nilikuwa mlangoni, hatua tatu kutoka kwake. Ningeweza kupiga kelele. Nikanyamaza, naogopa fimbo. Fimbo! Najichukia nikikumbuka.

Kabla hajamchotea mtu mwingine alianguka, povu likamtoka mdomoni. Walimbeba kwa machela hadi barabarani, wakapata gari la kuwashusha Moshi. Baba mdogo alilichukua na lile debe, nami nikapanda nao. Hospitalini nesi alilitazama, akafoka.

"Maandishi yote haya! Kwenu hakuna hata mmoja anayejua kusoma?"

Bibi akafumbua macho. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. Akanitafuta mkono, akaushika.

"Yupo, mwanangu," akamwambia nesi. "Huyu mjukuu wangu anasoma vizuri sana."

Akafariki kesho yake. Hata hapo sikusema.