Dakika Kumi na Moja za Mutugi

Ruguru alikuwa na kadi mbili za kamera, ya bluu na ya manjano, na Jumamosi ile alitoka nyumbani na isiyofaa.

Ya bluu ilikuwa ya kazi. Ndiyo iliyopiga harusi, mazishi na ubatizo wa nusu ya watu wa Runyenjes, hadi simu zilipoingia na kila mtu akajiona mpiga picha. Ya manjano ilikuwa yake mwenyewe. Ilijaa mambo ya nyumbani: binti yake Kaari na sare mpya ya shule, ng'ombe waliokwisha kuuzwa, mlango siku ulipopakwa rangi, na video moja ya dakika kumi na moja ya mumewe Mutugi akichuma kahawa. Video yenyewe haikuwa na ajabu yoyote. Mutugi anachuma. Anamwambia jirani ng'ambo ya ua kwamba mbuzi wake hawana adabu. Anapiga chafya, kisha anageuka na kumfokea mkewe: "Zima hiyo kitu, unamaliza betri bure! Kuja ushike gunia." Halafu anacheka.

Mutugi alikuwa na miaka mitano kaburini, na sauti yake haikubaki mahali pengine popote duniani. Kila jioni Ruguru alichomeka kadi ya manjano, akamimina chai, akaketi kumsikiliza. Kaari alimsihi mara nyingi, "Mum, nitumie hiyo kadi Nairobi niiweke kwa kompyuta." Ruguru alijibu kila mara kwamba atatuma, na hakutuma, kwa sababu kadi ikisafiri yeye angelala siku tatu au nne bila Mutugi. Akiba haiozi, wanasema, lakini kwanza sharti uiweke.

Kamera ilikuwa ile ndogo ya kuingia mfukoni, ambayo Mutugi aliinunua Makutano kule Meru enzi za kuzunguka na lori. Vijana waliicheka. Hata hivyo Jumamosi ile kamera hiyo ndiyo iliyotakiwa, na simu ndizo zilizofukuzwa.

Mzee Nthiga, wa kijiji kimoja na Ruguru, alikuwa anakufa. Hilo halikuwa siri. Yeye mwenyewe alilisema kwa utulivu, kama mtu anayesema kesho ni siku ya soko. Alikuwa ameita watu wa ukoo waje wasikie maneno yake ya mwisho. Na kwa Waembu neno la mzazi anayeondoka si mchezo. Huitwa kirumi, na mtoto akilivunja humwandama yeye na wajukuu. Wanaokwenda kanisani husema hawaamini mambo hayo, na hao hao ndio wa kwanza kuogopa.

Wazee walikuwa na sababu ya kuogopa simu pia. Mwaka uliopita, kwenye mteremko wa jirani, maneno ya mzee mwingine yalirekodiwa kwa simu, na kabla hajapoa sauti yake ilikuwa imezunguka WhatsApp ikigawa shamba kwa namna mbili tofauti. Hakuna aliyejua ipi ni ya mzee na ipi imetengenezwa. Ukoo ule hausalimiani mpaka leo. Kwa hiyo Mzee Runji, mwenyekiti wa ukoo, aliamua simu zote ziingie kwenye kiondo na kiondo kikae nje, na maneno yachukuliwe na kamera ya Mama Kaari, isiyojua intaneti ni nini. Kisha kadi itiwe kwenye bahasha na kufungwa mbele ya wote.

Kivuti, mwana mkubwa wa mzee, ndiye aliyeongeza sharti. Alifanya kazi ofisini Embu mjini na alizoea kusema kama anayesoma kumbukumbu za mkutano. "Tukubaliane mapema. Yale yatakuwa ndani ya kamera, ndiyo maneno ya baba. Ile haiko, haikusemwa. Ama namna gani?"

Watu wakaitikia. Ilionekana haki tupu.

Ruguru alimtazama Ednah, binti wa mzee, aliyekuwa akimpangusa babake mdomo. Huyu Ednah alirudi nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa kumshinda, na kwa miaka sita ndiye aliyempikia mzee uji, akamgeuza kitandani, akapalilia kahawa iliyoshuka kutoka nyuma ya nyumba mpaka mtoni. Kivuti alikuwa ameshapata mnunuzi wa nyumba na kahawa hiyo. Alimwambia dada yake waziwazi kwamba msichana aliyeolewa ana kwake. Sheria ya kumlinda Ednah ipo, lakini sheria iko Embu na mashahidi wako mlimani. Mzee asipomtaja mbele ya ukoo, angekuwa barabarani na watoto wake kabla matanga hayajaisha. Akitajwa, hapana mtu Runyenjes nzima ambaye angethubutu kununua.

Ruguru aliomba kitanda kisogezwe karibu na mlango, maana kamera yake haikupenda giza. Akaweka gorogoro, lile kopo la kupimia, lililojaa mahindi juu ya kiti na kuisimamisha kamera juu ya mahindi hayo, isitikisike. Akaiwasha.

Kwenye kona ya kioo, mahali ambapo siku zote palisomeka dakika arobaini za nafasi, paliandikwa nne na sekunde kumi.

Akasoma tena. Kadi ya manjano! Jana jioni alimtazama Mutugi, simu ya Kaari ikaingia, maongezi yakanoga, akalala bila kubadilisha. Ya bluu ilikuwa kwenye kopo la majani ya chai, kabatini, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi.

Angeweza kusema papo hapo. Hakusema. Mpishi gani hutangaza kwamba sufuria imetoboka na wageni wamekwisha kunawa mikono? Isitoshe, alijiambia, mzee mwenyewe hana pumzi ya dakika nne. Hapo alisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa huko angemkumbusha: mzee wa Kiembu haanzi na lililomleta.

"Washa," akasema Mzee Runji. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

Mzee Nthiga alianza na Mungu. Akamshukuru kwa mvua, kwa mlima, kwa kumwonyesha vitukuu. Akaja kwa babake, aliyefyeka msitu pale kwa panga moja. Akawataja marika wake, mmoja mmoja, waliotangulia, na kila jina lilikuwa na hadithi fupi na kikohozi kirefu. Nambari kwenye kona ikawa mbili na nusu. Ruguru hakuondoa macho kwenye kona ile. Ongea, mzee, alimwomba moyoni. Hao wamekufa, hawahitaji chochote!

Moja na sekunde ishirini. "Kivuti ni mtoto wangu wa kwanza," mzee akasema. "Shamba la juu, la majani chai, ni lake, na asiulizwe na mtu."

Sekunde arobaini. Kivuti aliinamisha kichwa kwa heshima. Mzee akavuta pumzi, akaiachia, akavuta nyingine.

"Na sasa huyu Ednah..." akasema, kikohozi kikamshika. Kilimshika mpaka nambari zikaisha na taa nyekundu ikazimika.

Kivuti ndiye aliyeona kwanza. "Imezima."

"Imejaa," Ruguru akasema. Akaichukua kamera kutoka juu ya mahindi. "Nipeni dakika moja niondoe vitu vingine."

"Dakika ya nini? Si tulikubaliana?" Kivuti akageukia wazee. "Mimi sikatai baba aongee. Aongee tu. Lakini makubaliano ni makubaliano, na mambo imeingia ndiyo hiyo."

"Ametaja jina langu, Kivuti," Ednah akasema. "Si umesikia?"

"Ametaja. Amesema nini?"

Mzee Runji alisugua fimbo yake. Alikuwa mwadilifu, na waadilifu ni wagumu kuwasogeza. "Baba yenu anataka maji," akasema mwishowe. "Mpe, Ednah. Akimaliza kunywa na kamera iko tayari, tuendelee. Kama haiko, basi, tutasimama na ile iko."

Ednah akachukua kikombe na kijiko. Alimwelewa Mzee Runji, akamnywesha babake polepole kadiri mkono ulivyoweza kukawia, huku akimtazama Ruguru.

Ruguru akafungua picha. Ng'ombe: akabonyeza kitufe chenye alama ya pipa la taka, akathibitisha. Sekunde nne zaidi. Mlango wenye rangi mpya: nne tena. Kijiko cha pili. Kaari na sare: alisita, akafuta. Kijiko cha tatu. Kwa mwendo huo angemaliza picha mia moja na mzee akiwa amezikwa. Akabonyeza kwenda mbele, na mbele palikuwa na Mutugi, amesimama kati ya miti ya kahawa, mkono mmoja umeinuliwa.

Kamera ikauliza kwa Kiingereza chake kifupi kama afute.

Aliumia, na tusiseme vinginevyo. Alimchukia Kivuti, akamchukia mzee kwa marika wake, akajichukia kuliko wote. Dakika kumi na moja. Angeweza kusema kitufe kimekwama. Nani angejua? Ednah hakuwa damu yake. Alikuwa mtoto wa mtu wa kijijini tu. Akainua macho. Kikombe kilikuwa kimeisha, na Ednah alikuwa bado anapeleka kijiko kitupu mdomoni mwa babake.

Ruguru akabonyeza.

"Iko tayari," akasema, na taa nyekundu ikawaka.

Mzee Nthiga hakurudi kwa Mungu wala kwa marika. Pengine alikuwa amesikia kila kitu. "Nyumba hii," akasema, "na kahawa yake mpaka mtoni, ni ya Ednah. Ndiye aliyenigeuza. Atakayemtoa hapa, awe mwanangu, awe mgeni aliyenunua, ale na asishibe." Kisha akajitemea mate kidogo kifuani, ya baraka, akafumba macho.

Wazee walitaka kuhakikisha. Vichwa vitano vikabanana juu ya kile kioo kidogo, wakasikiliza tangu mwanzo. Kivuti akajaribu mara moja tu: "Lakini imekatika katikati."

"Imekatika baba yako akikunywa maji," akasema Mzee Runji. "Mimi nilikuwa hapa. Wewe ulikuwa wapi?" Akaitia kadi ya manjano kwenye bahasha, akailamba, wote wakaweka sahihi. Kivuti pia aliweka. Hofu ya kirumi ilikuwa imemwingia.

Ednah alimsindikiza Ruguru mpaka kwenye ua na kumfungia ndizi za kupika. Akiwa anafunga, akauliza, "Mama Kaari, ulifuta nini?"

"Vitu vya zamani."

"Uliniangalia vibaya sana. Niliogopa."

"Ni jua," Ruguru akasema. "Lilikuwa likiniingia machoni."

Mzee Nthiga alifariki Jumatano. Ednah yuko kwenye nyumba ile mpaka sasa, na kahawa yake ni safi kuliko shamba la chai la Kivuti.

Lakini jioni ya Jumamosi ile, Ruguru aliteleka chai kama kawaida, akaweka kamera mezani, akaiwasha kabla ya kukumbuka. Kioo kikaandika kwamba haina kadi. Akaketi nayo hivyo hivyo. Maneno aliyajua yote: mbuzi wasio na adabu, chafya, gunia. Akajaribu kuyasema kwa sauti nzito, jinsi Mutugi alivyoyasema. "Zima hiyo kitu, unamaliza betri bure." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya mwanamke mzee jikoni. Akajaribu tena, taratibu zaidi, ikatoka yake tena.

Akaizima.