Mkungu Uliorudishwa Mnadani

Magdalena alilipa, akaugusa mkungu wa ndizi kwa ncha ya kanga, akatangaza, "Naurudisha!" Abdiel akaununua, naye akaurudisha. Sadoki, aliyeketi peke yake kwenye ukingo wa saruji kando ya mlango wa kanisa, aliivua kofia yake akaikunja mkononi. Hawautaki, alijiambia. Wamejua umetoka mikononi mwangu.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno katika usharika mmoja wa Kilutheri, kwenye mteremko wa Meru. Baada ya ibada, sadaka za mazao zilikuwa zimetolewa uwanjani zinadiwe: mayai, kuku, maparachichi, kahawa. Kwa miaka mingi mnadi alikuwa Sadoki mwenyewe, na wenye utani walidai kwamba sauti yake ilifika hadi Moshono, mbali kule chini.

Kisha akaugua kifua kikuu sugu. Alitengwa hospitalini kwa miezi mingi, chakula kikiachwa mlangoni, na nyuso za watu zikawa macho tu juu ya barakoa. Alipona, akathibitishiwa kwamba hawezi tena kumwambukiza mtu. Hata hivyo alirudi nyumbani na mazoea ya wodini: kikombe chake peke yake, kiti chake dirishani, kiganja mdomoni kila alipozungumza. Mkewe, Marta, alipomwandalia mezani pamoja na wengine, Sadoki alichukua sahani yake akaenda kula nje.

"Mapafu yamepona, mzee wangu," Siwema, nesi mshauri katika kliniki moja ya Sekei, alikuwa amemwambia. "Iliyobaki ni hofu, nayo tunaitibu. Kata mkungu kwa mikono yako, upeleke kanisani, ukae pale mpaka uuzwe."

Sadoki alikubali. Alijua pia kwamba akiondoka kabla ya mkungu kuuzwa, hatakanyaga tena uwanja ule.

Sasa alisimama, kofia mkononi.

"Unakwenda wapi, Baba Prisca?" Marta alimshika koti.

"Huoni wanavyourudisha?"

Marta alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akajishika kiuno. "Wewe! Wewe uliyemnadi jogoo wa mchungaji mpaka jogoo akasinzia! Leo umesahau kwamba mtu hurudisha kitu ili kinadiwe tena na sadaka iongezeke? Kitu kisichopendwa hununuliwa mara moja, kikaenda zake."

Akili ya Sadoki ililijua jambo hilo tangu utotoni; moyo ndio uliolisahau kule wodini. Aligeuka kutazama. Watu walikuwa wameuzunguka mkungu wake, wakiupapasa, wakibishana. Tatizo, aliona mara moja, lilikuwa mnadi. Ndesanjo, rika lake aliyeshika nafasi yake, alinadi kana kwamba anasoma matangazo ya msiba.

"Mkungu huu… ni mzuri kiasi," alisema Ndesanjo. "Dismasi ametaja bei. Kama hakuna mwingine, basi, auchukue."

Dismasi! Bahili aliyejulikana mlima mzima! Tayari alikuwa ameinama kuubeba.

"Weka chini!"

Uwanja mzima uligeuka. Sadoki mwenyewe alishtuka kwa ukubwa wa sauti ile. Mikono yake yote miwili ilikuwa hewani.

"Ndesanjo, mzuri kiasi ni nini? Huu ni mshare, mfalme wa ndizi za kupika, ndugu zangu! Ukiupika na maharage, jirani anabisha hodi bila kualikwa! Dismasi, kwa bei hiyo nitakuuzia kivuli chake!"

"Amerudi!" Magdalena alipiga kigelegele. "Mnadi wetu amerudi!"

"Shika kazi yako, bwana," Ndesanjo alisema, akimsukuma katikati ya umati kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Mimi imenitesa vya kutosha."

Wakasogea. Wakamsonga bega kwa bega, wakipandisha bei, wakirudisha, wakitaniana, naye akiwarushia maneno mdomo wazi. Mwishowe Dismasi, kwa aibu na kwa kicheko, aliununua kwa bei iliyowafanya wanakwaya waimbe.

Kesho yake Siwema alipiga simu kumjulia hali, akasikia mkwaruzo tu.

"Mzee Sadoki! Sauti imekuwaje? Kikohozi?"

"Hapana, nesi," alinong'ona Sadoki, akinyoosha kikombe mezani ili Marta amwongezee chai. "Mnada."