Dagaa Hawachambuliwi kwa Miguu

Jumanne tulimzika mama mmoja wa Kibirizi, mchambuaji wa dagaa. Mnaosoma safu hii mnajua nahoji kila kitu: serikali, wahubiri, hata hotuba za mazishi. Leo nahoji fomu niliyoijaza mwenyewe.

Mama huyo alikuwa na ugonjwa unaoitwa MS. Kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili na kumshambulia ubongo na uti wa mgongo. Ulianza na miguu, ukafuata vidole. Mradi mmoja ukampa sindano za bei kubwa kwa mwaka mzima, nami, wakati huo nimetoka chuo juzi tu, nikaajiriwa kupima kama sindano hizo zinastahili bei yake. Kipimo kilikuwa kimoja: mgonjwa anatembea mita ngapi bila kushikwa.

Nilimkuta mkekani, kando ya dagaa walioanikwa mchangani.

"Shikamoo, mama. Naomba utembee mpaka kwenye ule mtumbwi."

"Marahaba. Nikafanye nini huko?"

"Msomi anakutafutia mume," dada yake akadakia, na wanawake waliokuwa wakichambua naye wakaangua kicheko.

Akasimama. Mita ya nne akaanguka. Aliyempima kabla ya dawa aliandika nne vilevile. Akiwa bado chini, alichota dagaa kiganjani, akaanza kutoa chembe za mchanga mojamoja, upesi kama anayehesabu tasbihi.

"Mwaka jana nilishindwa hata kufunga kitenge. Andika hiyo."

"Haina pa kuandikwa, mama."

"Kwani, mwanangu, dagaa wanachambuliwa kwa miguu?"

Nilicheka pamoja nao. Kisha nikaandika: hakuna nafuu. Sindano zikakatwa. Kabla mvua hazijaisha, vidole vikakakamaa, akawa analishwa kama kichanga. Aliuawa na vidonda vya mgongoni, vya kulala bila kugeuka.

Sisemi kila dawa inunuliwe kwa bei yoyote. Fedha hazitoshi, na lazima kuna atakayenyimwa; anayewaambia vinginevyo anawadanganya. Lakini tulimnyima mama huyu kwa hesabu iliyo sahihi ya kitu ambacho hakukihitaji. Anayetaka kujua dawa imefaa nini aanze kwa kumuuliza mgonjwa anaamka asubuhi kufanya nini. Swali hilo halina gharama, na mimi, mhoji wa kila kitu, sikuliuliza.

Msibani tulipakuliwa ugali kwa dagaa. Tonge la kwanza likanigonga meno.

"Wana mchanga," nikasema.

Dada wa marehemu aliendelea kupakua.

"Mita ngapi?"