Maganda ya Cansilde

Mimi, Mama Keza, nauza makaa ya miti, kwa hiyo msinitarajie nimsifu Cansilde. Ni jirani yangu hapa Gisenyi, ukuta kwa ukuta, mjane aliyerudi kutoka Masisi na sufuria mbili. Leo hata walimu wanamwita Madamu. Kwa sababu ya maganda! Ya ndizi, ya viazi, anayoyachukua kila asubuhi kwenye jiko la hoteli moja ya ziwani. Anayaanika, anayachoma kwenye pipa lililofunikwa, anayaponda, anayachanganya na uji wa muhogo, anafinyanga madonge. Yakikauka ni makaa. Majivu anawapa wakulima wa Nyundo, nao humletea maganda ya maharage. Kwake hakuna kinachotupwa. Wateja wangu wakahamia kwake mmoja mmoja, hadi mume wangu Narcisse akasema mbele yangu kwamba chai ya Cansilde inachemka upesi. Hapo wivu ukanipanda kichwani.

Nikaenda hotelini. Cansilde alikuwa amewazoesha wapishi kutenga: maganda ndoo yake, mabaki ya chakula ndoo yake, chupa pembeni. Nikamwambia mpishi mkuu, "Mi nitabeba yote, musijisumbue kutenga." Akafurahi. Kesho yake Cansilde alirudi na ndoo tupu, nami nikaimba nikifagia.

Wiki mbili nikabeba. Kuyachoma sikujua, na kumwuliza yeye, afadhali ningeyala. Lundo likaoza nyuma ya nyumba yangu, maganda na mifupa ya samaki na vipande vya glasi, na nzi wake. Na msimamizi wa usafi wa mtaa ni nani? Ni mimi, waliyenichagua kwa sababu ya mdomo wangu.

Ikafika Jumamosi ya umuganda, siku mtaa mzima unapotoka kufanya kazi ya pamoja. Kiongozi wetu, Karangwa, akafuata harufu mpaka uani kwangu, watu wote nyuma yake.

"Hii takataka iko ya nani?"

Wengi pale nilikuwa nimewaaibisha mkutanoni kwa uchafu mdogo kuliko ule, nao walikuwa wananisubiri. Narcisse akaangalia chini.

Cansilde akapenya katikati ya watu, jembe begani. "Iko yangu, chef. Mi nilimuomba Mama Keza anichungie, kwangu nafasi ilijaa. Naondoa leo."

Karangwa akatusifu sote wawili kwa ujirani mwema. Watu wakapiga makofi. Cansilde akainama, akaanza kuchambua lile lundo, glasi huku, maganda kule. Nikainama kando yake. Nilitamani anitukane, walau tuwe sawa.

"Angalia glasi, mama, itakukata," akaniambia, basi.

Jumatatu nilimrudishia hoteli yake. Lakini kusema asante bado sijaweza. Amenizidi makaa, amenizidi wateja, na sasa, mbele ya mume wangu, amenizidi na moyo.