Gari la Kuwaka Asubuhi

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliendesha malori kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo anaamini kwamba Mungu alipoumba matope alimwomba yeye ushauri. Nilipomwambia kwamba nimestaafu ualimu na kiinua mgongo changu kitanunua gari la foo-wili, hakuuliza nalitakia nini. Kesho yake tulikuwa Katesh, tumesimama mbele ya dude.

Lilikuwa dude kweli. La kijani, refu, matairi yananifika kiunoni, winchi mbele, na difu zinazofungwa ili gurudumu moja likining'inia hewani mengine yaendelee kuvuta. Mwenye gari alitupandisha nalo kwenye korongo la mawe ambalo mbuzi angelifikiria mara mbili. Nilishika mkono wa mlango, nikafumba macho, na nilipoyafumbua tulikuwa juu. Shemeji alicheka mpaka akatoa machozi.

"Umeona, shemeji? Hili halijui neno kukwama."

Nilikuwa nimeona. Lakini kabla hatujapanda nilikuwa nimeweka kiganja juu ya boneti, na boneti ilikuwa ya moto. Ilikuwa saa tatu asubuhi na mtu yule alikuwa ametuambia kwamba gari halijatoka nyumbani tangu juzi.

"Nimelipasha kidogo tu, mama, usije ukasubiri," alisema nilipomuuliza.

"Asante. Kesho nitakuja saa kumi na mbili. Usiliguse."

Shemeji aliona aibu kwa niaba yangu. Nilimwacha aone. Miaka thelathini na mitano nimesimama mbele ya watoto wanaoapa kwamba daftari limeliwa na ng'ombe. Mtu mzima mwenye boneti ya moto hanisumbui.

Sasa niseme nililitakia nini. Binti yangu wa pekee ameolewa Dirma, kule bondeni kwenye udongo mweusi, kwa watu wa ng'ombe. Katika mimba yake ya kwanza uchungu ulimshika asubuhi moja ya baridi, na damu ikaanza kutoka. Pikipiki isingeweza kumbeba katika hali ile. Mimi nilikuwa huku kwetu Maretadu, na jirani yangu alikuwa na gari linalosifiwa tarafa nzima kwa kupita popote. Nilikimbia kwake bila viatu. Gari lile halikuwaka. Tulilisukuma, tukalimwagia maji ya moto, fundi akaitwa. Na kila baada ya muda mfupi binti yangu alipiga simu na kuuliza neno moja.

"Imewaka, mama?"

"Bado, mwanangu. Bado kidogo."

Gari lilikuja kuwaka jua likiwa limeshapanda. Lilipita makorongo yote bila kusita, kama lilivyosifiwa. Tulimfikisha binti yangu hospitali akiwa hai, na mtoto akiwa amekufa. Watu waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira hiyo sikumpelekea Mungu, nililipelekea lile gari.

Na sasa, mwezi wa nane, binti yangu alikuwa amenong'ona kwenye simu kwamba ana mimba changa. Nilihesabu kwa vidole. Angejifungua mwezi wa nne, masika yakiwa yamepamba moto.

Kwa hiyo kesho yake saa kumi na mbili nilikuwa Katesh, nimejifunika shuka mbili, Mlima Hanang hauonekani kwa ukungu. Boneti ilikuwa ya baridi, nikafurahi. Mwenye gari alizungusha ufunguo. Dude likakohoa. Akazungusha tena. Mara ya sita betri ikaishiwa sauti, na wanaume wanne wakaitwa kulisukuma mteremkoni, likatoa moshi mweupe kama tanuru la matofali.

"Ni baridi tu hii, mama."

"Najua ni baridi. Na kwetu kuna baridi kuliko hapa."

"Lakini likishawaka, shemeji, hakuna wa kulizuia!" Shemeji alikuwa karibu kupiga magoti.

"Na lisipowaka?"

Tulirudi nyumbani kila mtu akitazama dirisha lake.

Nililolinunua nililipata Mbulu mjini. Jeupe, limechakaa viti, foo-wili ya kawaida isiyo na mbwembwe, matairi membamba. Mwenye nalo, mganga wa mifugo, alililaza nje. Asubuhi tatu mfululizo nilibisha hodi kwake kabla hajanywa chai. Asubuhi tatu liliwaka kwa mzunguko mmoja. Spea zake ziko mpaka kwenye vibanda vya minadani, na kila fundi amewahi kulifungua.

Shemeji alilizunguka akalipiga teke tairi. "Hili litakwama Dirma mpaka kunguru wajenge kiota juu yake."

Nilitamani kumbishia. Lakini mvua za vuli zilipoanza nililijaribu, na katikati ya mbuga ya Dirma likazama mpaka kwenye ekseli. Nilishuka, tope likanivua kiatu, nikapiga yowe kama tulivyolelewa. Kwetu yowe halipuuzwi. Anayesikia anaacha jembe anakuja. Alikuja mzee mmoja na jozi mbili za maksai wa kulimia, akafunga mnyororo, akawasemesha kwa lugha yake, na gari likatoka kama jino bovu. Sikupata hata nafasi ya kushukuru vizuri. Alirudi shambani kwake.

Nilikaa ndani ya gari, tope mpaka magotini, nikaelewa nilichokuwa natafuta. Nguvu ya kutoka kwenye tope ningeweza kuiazima njiani. Nguvu ya kuwaka alfajiri hakuna jirani anayeweza kuniazima.

Basi nikafanya kazi niliyoizoea, ya kutembelea wazazi. Toka Gehandu mpaka Dirma nilijua sehemu tatu ambapo gari langu lingezama. Kila sehemu nilitafuta boma la karibu lenye maksai, nikaenda, nikakaa, nikanywa maziwa niliyopewa mpaka chini, ndipo nikasema shida yangu. Mzee yule wa mbugani nilimweka mwisho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Gari imezama tena?"

"Bado. Itazama mwezi wa nne, nikimfuata binti yangu."

"Maksai wangu hawana betri," akasema. "Wewe piga yowe tu."

Hospitali walitaka binti yangu afike kwao wiki mbili kabla ya siku zake. Mama mkwe wake alikuwa amekubali baada ya mabishano, na nilipanga kumchukua Jumamosi. Uchungu ukatangulia Alhamisi. Simu iliita saa kumi na moja na nusu alfajiri, mvua ikipiga bati.

"Imewaka, mama?"

Nilikuwa sijavaa hata viatu. Nilitoka na simu mkononi, nikaketi garini, nikazungusha ufunguo mara moja, nikaiweka simu karibu na usukani ili asikie mwenyewe.

Wakati wa kwenda nilizama mara mbili. Mara ya kwanza, Gehandu, watu wa boma la karibu walinitoa kwa mikono na magogo. Mara ya pili, mbugani, sikumaliza hata yowe. Mzee alikuwa amesikia muungurumo, na alikuja na maksai wameshafungwa nira. Tulizama palepale wakati wa kurudi, binti yangu amelala nyuma ameshika mkono wa mama mkwe wake, na maksai walikuwa bado wamesimama wakingoja.

Mjukuu wangu sasa anaongea. Kila asubuhi, safari iwepo isiwepo, naliwasha gari langu, na kila asubuhi binti yangu bado hupiga simu. Wiki iliyopita sauti iliyokuja ilikuwa ndogo, na kwetu mtoto anayemsemesha bibi yake bila shikamoo hukaripiwa papo hapo. Sikumkaripia.

"Bibi," alisema, "imewaka?"